UZI: Mchoro uliobandikwa kama picha ndani ya hati: namna ya kuutafuta ulipotoka, kuusahihisha na kuuchora upya

Mwanzisha uzi (mwalimu wa fizikia, Tororo)

Ndugu wanajukwaa, hasa walimu wenzangu na wote mnaoandaa madokezo, miongozo na ripoti hapa Uganda, salaam.

Nafungua uzi huu kwa sababu tatizo lenyewe linarudi kila muhula. Hati inasahihishwa maandishi yake yote, lakini mchoro uliomo unabaki na habari za zamani kwa kuwa ulibandikwa kama picha na hakuna anayejua pa kuanzia. Nitatumia mfano mmoja tu, yaani mchoro wa safari ya umeme kutoka mitambo ya Jinja hadi nyumbani, wa aina tunayowapa wanafunzi katika fizikia na jiografia.

Katika nakala ninazoletewa, kisanduku cha kwanza bado kinasema kuwa mitambo ya Nalubaale na Kiira inaendeshwa na Eskom, na kisanduku cha mwisho kinasema kuwa msambazaji ni Umeme. Mkataba wa Eskom uliisha tarehe 31 Machi 2023, na mitambo ikarudi kwa UEGCL, kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme. Mkataba wa Umeme, ulioanza mwaka 2005, uliisha tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji ukachukuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Aya zilizouzunguka mchoro zimekwisha kurekebishwa. Mwanafunzi anasoma aya inayosema UEDCL, kisha anatazama picha inayosema Umeme, na kwa kuwa picha ndiyo inayokaa kichwani, hilo ndilo jina atakaloliandika katika mtihani. Orodha ya mabwawa nayo imepitwa: haina Isimba ya megawati 183, iliyozinduliwa mwaka 2019, wala Karuma ya megawati 600, iliyozinduliwa mwaka 2024.

Dawa ambayo wengi wetu wanaikimbilia ni kuchora kisanduku cheupe juu ya neno la zamani na kuandika jipya juu yake. Naipinga njia hiyo kwa nguvu zangu zote. Kisanduku hicho hakikushikamana na picha. Kinaelea juu ya ukurasa, na mtu akiongeza mistari miwili hapo juu, picha inashuka na kiraka kinabaki kilipokuwa au kinasogea kwa kiasi tofauti. Hati ikifunguliwa kwenye simu, au katika LibreOffice badala ya Word, mpangilio unabadilika na jina la zamani linachungulia kando. Baada ya miaka michache mchoro una viraka vitano, kila kimoja na aina yake ya herufi, na anayekuja baadaye hajui kipi ni sahihi.

Kabla ya kugusa chochote, tambueni kwanza ni picha ya namna gani. Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni picha ya pikseli, kama PNG na JPEG: ni vitone vya rangi tu, na kompyuta haijui kwamba pale pana mshale au neno. Ya pili ni picha ya vekta, kama SVG na EMF, ambayo ndani yake kila mstari, kila kisanduku na mara nyingi kila neno limehifadhiwa kama kitu kinachojitegemea. Kuzipambanua ni kazi ya dakika moja: kuzeni ukurasa hadi asilimia 500. Kingo za herufi zikiwa na ngazi-ngazi au ukungu, ni pikseli. Zikibaki kali kama zilivyokuwa, ni vekta, na kazi yenu imekwisha kuwa nyepesi.

Hatua ya pili, ambayo naona ndiyo inayosahaulika zaidi, ni kuitafuta picha yenyewe ndani ya hati. Faili la DOCX kwa hakika ni kifurushi cha ZIP. Tengenezeni nakala ya hati, badilisheni mwisho wa jina la nakala hiyo kutoka .docx kuwa .zip, kisha ifungueni. Ndani mtaona folda iitwayo word, na ndani yake folda nyingine iitwayo media, ambamo picha zote za hati zimepangwa kwa majina kama image1.png na image2.emf. Faili la ODT la LibreOffice nalo ni hivyo hivyo, ila folda yake inaitwa Pictures. Ikiwa hati ni ya zamani, yenye mwisho wa .doc pekee, ifungueni kwanza katika Word na kuihifadhi upya kama DOCX, kwa sababu muundo ule wa kale si kifurushi cha ZIP.

Mara nyingi utafutaji huu unatoa zaidi ya kile kinachoonekana kwenye ukurasa. Picha inayoonekana ndogo huenda imehifadhiwa ikiwa kubwa. Picha iliyokatwa kingo zake ndani ya Word huwa bado nzima ndani ya faili, mpaka mtu aagize sehemu zilizokatwa zifutwe. Pale ambapo mchoro uliingizwa kama SVG, Word huhifadhi mafaili mawili, SVG yenyewe na PNG ya akiba, kwa hiyo msiishie kwenye PNG mkadhani hakuna kingine. Vilevile angalieni folda iitwayo embeddings, iliyo ndani ya folda ile ile ya word: mchoro wa Visio (programu ya Microsoft ya kuchorea) au chati ya Excel iliyobandikwa kwa kupachikwa huacha faili lake lote humo, na kubofya mara mbili juu ya mchoro ndani ya hati kunaweza kuufungua ukiwa unaharirika kikamilifu.

Mkipata EMF, katika Word ya Windows bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha na mchague "Edit Picture"; picha itageuka kuwa kundi la maumbo. Mkipata SVG, Word za tangu 2019 zina amri ya "Convert to Shape". Mistari inaweza kuja ikiwa vipande-vipande, na sentensi moja ikawa masanduku manne ya maneno, lakini hayo yanarekebishika.

Kuna hazina nyingine iliyofichika. Programu ya draw.io, ambayo ni ya bure, inaweza kuweka nakala nzima ya mchoro unaoharirika ndani ya PNG inayoitoa, mradi mtengenezaji alikubali hivyo alipokuwa akiihifadhi. PNG hiyo kwa macho ni picha kama nyingine, lakini ukiifungua katika draw.io, visanduku na mishale vinarudi kama vilivyochorwa. PlantUML, programu inayochora kutokana na maelezo yaliyoandikwa kwa maneno, nayo huandika ndani ya PNG maelezo yote yaliyouzaa mchoro. Kwa hiyo PNG mliyoitoa kwenye folda ya media ijaribuni kwanza katika draw.io kabla ya kukata tamaa. Ikiwa Word haikuibana upya, huenda siri yake bado imo.

Yote hayo yakishindikana, chora upya. Najua si jibu linalopendwa, lakini mchoro wa visanduku kumi na mishale kumi na miwili hauchukui muda mrefu kuliko kupigana na viraka, na faida yake inadumu. Wekeni picha ya zamani chini, ififisheni, ifungeni isisogee, kisha chora juu yake katika Inkscape (programu ya bure ya kuchora picha za vekta), draw.io au LibreOffice Draw, na mwishowe iondoeni. Mishale iwe ile inayonasa kwenye visanduku, ili kisanduku kikisogezwa mshale uende nacho.

Naomba michango yenu na maswali.

Mchangiaji, Mbale

Mwalimu, asante kwa somo hili. Mimi sina DOCX. Nilichopewa ni PDF pekee, na aliyeiandaa alikwisha kuhama shule. Je, nimefungiwa njia?

Mwanzisha uzi

Hapana, na wakati mwingine PDF inakufaa kuliko DOCX iliyoharibiwa. Anza na kipimo kile kile cha kukuza. Ikiwa mchoro ulikuwa vekta ndani ya Word, kwa kawaida hubaki vekta hata baada ya kugeuzwa kuwa PDF, na hapo fungua ukurasa huo katika Inkscape au LibreOffice Draw. Utaweza kuligusa neno "Umeme", kulifuta na kuandika "UEDCL". Jambo la kuangalia ni aina ya herufi: kama kompyuta yako haina ile iliyotumiwa, programu itaweka nyingine, na maneno yatapanuka au kusinyaa. Pitia kila kisanduku kabla ya kuhifadhi.

Ikiwa PDF ilitokana na karatasi iliyopigwa skani, basi ukurasa mzima ni picha moja, na hapo hakuna cha kuchimbua. Chora upya.

Mchangiaji, Mbarara

Naheshimu hoja za Mwalimu, ila naona amelipita haraka suala moja. Inkscape ina amri ya kufuatisha picha, "Trace Bitmap", ambayo hugeuza picha ya pikseli kuwa vekta kwa sekunde chache. Kwa nini tuchore upya kwa mkono wakati kompyuta inaweza kufanya hivyo? Mimi nimeitumia kwa nembo ya shule na ikatoka safi, tukaichapa hata kwenye bango kubwa.

Mwanzisha uzi

Ndugu, swali lako ni la msingi, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu wengi hukwama papo hapo.

Amri hiyo inatumia Potrace, programu iliyoandikwa na Peter Selinger, na kwa nembo inafanya kazi nzuri sana. Nembo ni maumbo yenye kingo. Unachotaka ni kingo ziwe laini, basi. Mchoro wa maelezo una mahitaji mengine. Potrace hutazama mpaka kati ya cheusi na cheupe na kuuzungushia mstari. Kwa hiyo mshale mwembamba haurudi kuwa mstari mmoja wenye ncha. Unakuwa umbo jembamba lililojazwa rangi, lenye ukingo wa juu na ukingo wa chini. Ukitaka kuurefusha, huna ncha ya kushika, una vifundo vingi vya kusogeza kimoja kimoja. Kisanduku kinakuwa fremu iliyojazwa, na mara nyingi fremu hiyo imeungana na mshale unaoigusa, kwa sababu kwa macho ya programu weusi wao ni mmoja.

Zito zaidi ni maneno. Neno "Umeme" linarudi likiwa maumbo yenye sura ya herufi. Huwezi kuliandika upya, huwezi kulitafuta, na programu ya kumsomea asiyeona hailitambui. Lengo letu lote lilikuwa kubadili neno hilo, na ndilo jambo ambalo ufuatishaji haukupi.

Tangu toleo la 1.0, Inkscape ina namna ya kufuatisha mstari wa katikati, ambayo hutoa mistari halisi badala ya kingo, na kwa michoro ya mkono yenye mistari mingi iliyopinda, kama ramani ya mto, naikubali. Kwa mchoro wa moyo au wa ua la mmea pia ingefaa: fuatisha umbo, futa herufi zote zilizofuatishwa, kisha andika lebo upya kwa maandishi halisi. Lakini kwa visanduku na mishale, kuchora upya kunashinda, kwa wakati na kwa matokeo.

Na kuna hali ambayo ufuatishaji hauna pa kushika kabisa. Kwa kawaida Word hubana picha wakati wa kuhifadhi hati, kwa kiwango cha pikseli 220 kwa kila inchi. Mchoro wenye upana wa sentimita 15 unabaki na pikseli 1300 hivi kwa upana, na hizo zinasomeka. Mtu akichagua kiwango cha 96 ili faili liwe jepesi kwa barua pepe, mchoro ule ule haufikishi hata pikseli 600, na lebo ndogo kama "kV 33" zinakuwa ukungu. Mchoro ukitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, unabanwa tena kuwa JPEG, na madoa yanajikusanya pembeni mwa herufi. Potrace itayafuatisha madoa hayo kwa uaminifu ule ule inaoufuatishia mistari. Tumeni mchoro kama dokumenti, si kama picha. Na katika Word, sehemu ya mipangilio ya juu, zimeni ubanaji wa picha kwa hati zenye michoro.

Mchangiaji, Mbarara

Nimekuelewa, Mwalimu. Nitabaki nayo kwa nembo.

Mchangiaji, Arua

Swali langu liko jirani. Ripoti tuliyorithi ina chati ya mistari, wagonjwa wa malaria mwezi kwa mwezi, imebandikwa kama picha. Jedwali la takwimu lilikwisha kupotea. Nataka kuongeza miezi mipya. Nichore upya kwa kukisia urefu wa mistari?

Mwanzisha uzi

Usikisie, dada au kaka yangu. Kwanza tafuta folda ya embeddings, kwa sababu chati ya Excel ikiwa ilipachikwa, jedwali lake limo humo pamoja na namba zote. Likikosekana, tumia WebPlotDigitizer, chombo cha bure kilichoandikwa na Ankit Rohatgi. Unaiweka picha ya chati, unakionyesha pointi zinazojulikana kwenye mhimili wa mlalo na wa wima, kisha unabofya kila nukta ya mstari, nacho kinakupa namba. Namba hizo ni za makadirio, na kwenye ripoti ni lazima useme wazi kuwa zilisomwa kutoka kwenye chati. Kama kituo cha afya bado kina daftari la miezi hiyo, daftari ndilo la kuaminiwa.

Mchangiaji, Jinja (mtunza kumbukumbu)

Naomba niongeze jambo ambalo Mwalimu ameligusa kama faida, nami nalitazama kama hatari. Amesema picha iliyokatwa kingo inabaki nzima ndani ya faili. Ni kweli, na ndiyo maana mtu akipiga picha ya skrini yenye majina ya wagonjwa au alama za wanafunzi, akakata kingo ibaki chati tu, kisha akaisambaza hati, majina yote yamekwenda pamoja nayo. Yeyote anayefuata maelekezo ya uzi huu ataiona picha kamili ndani ya dakika moja. Kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya jina kwenye Word nacho hakifichi kitu, kwani picha iliyo chini yake haikuguswa. Tangu 2019 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na jambo hili si la kuchukuliwa kirahisi. Kateni picha katika programu ya picha kabla ya kuiingiza kwenye hati, au muagize Word ifute sehemu zilizokatwa.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, na naomba wote wausome mchango huu kwa makini. Sina la kupunguza.

Mchangiaji, Soroti

Mimi natumia simu peke yake. Kompyuta ya shule tunaigawana, na siku nyingine umeme haupo. Nifanyeje? Pia nimeambiwa akili mnemba inaweza kuisoma picha na kunirudishia mchoro.

Mwanzisha uzi

Kwa simu, kuvuta visanduku kwa kidole kunachosha, lakini kuandika unaweza. Tumia njia ya kuandika mchoro kwa maneno, kwa PlantUML au Mermaid: unaandika kwamba mitambo inaelekea kituo cha kupandisha msongo, kituo kinaelekea laini za kV 132, laini zinaelekea kituo cha kupozea umeme, na kuendelea, kisha programu inachora yenyewe. Maandishi hayo ni mepesi, yanatumwa hata kwa ujumbe mfupi, na kubadili Umeme kuwa UEDCL ni kubadili neno moja. Sura ya mchoro hutaichagua kwa undani, lakini kwa mfumo wa visanduku na mishale inatosha.

Kuhusu akili mnemba, ni kweli inaweza kuisoma picha na kukuandikia maelezo ya Mermaid, na inakuokolea kuchapa. Ila lebo zenye ukungu inaweza kuzibuni, na mshale inaweza kuugeuza. Shika picha ya zamani mkononi na uhakiki mshale mmoja mmoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba transfoma ya kushusha msongo inatangulia laini kuu amepotoshwa vibaya kuliko yule aliyesoma jina la kampuni ya zamani.

Mchangiaji, Mbale

Nimefanikiwa, mchoro umefunguka katika Inkscape na nimebadili majina yote mawili. Sasa niuhifadhi vipi ili mwenzangu wa mwaka ujao asikutane na tabu hii? Na kama tukitaka lebo za Kiswahili, maana sasa somo hili limeingia madarasani?

Mwanzisha uzi

Hongera sana. Hifadhi SVG yenyewe kwenye folda ile ile ilimo hati, na jina lake liseme mchoro ni wa nini na ulisahihishwa lini, kwa mfano "umeme-jinja-hadi-nyumbani-2025.svg". Ndani ya hati, chini ya mchoro, andika jina hilo kwa herufi ndogo, ili hata aliyebaki na karatasi ya fotokopi ajue faili la kuuliza. Ukiingiza mchoro kwenye Word, uingize kama faili la SVG. Usipige picha ya skrini. Kisha ujaze maelezo mbadala ya picha, sentensi mbili au tatu, kwa ajili ya wanafunzi wasioona.

Kwa lebo za Kiswahili, usitengeneze mchoro wa pili kutoka mwanzo. Nakili tabaka la maandishi ndani ya Inkscape, moja liwe la Kiingereza na jingine la Kiswahili, na visanduku na mishale vibaki tabaka lao la tatu. Ukitaka nakala ya Kiswahili, unaficha tabaka la Kiingereza na kutoa PDF. Visanduku vipanue kidogo tangu mwanzo, kwa kuwa "kituo cha kupozea umeme" kinahitaji nafasi ya mistari miwili.

Mchoro wangu uko tayari kwa muundo huo, ukiwa na Isimba na Karuma ndani yake na kila kisanduku kikiwa na namba. Anayeuhitaji aniandikie faraghani nimtumie SVG, na atakayeona kosa aweke hapa chini namba ya kisanduku na maneno anayoona ni sahihi.